Sombe Bila Mawese

Mama aliteleza kwenye ngazi za Kadutu
siku ya mvua, beseni la sambaza kichwani.
Sambaza waliokotwa na watu wengine.
Yeye alirudi na plasta mpaka kwenye kiwiko,
akaketi mlangoni, akanitazama
kama mtu anayetazama shoka butu
naye hana lingine.
"Lutala," akasema, "washa mbabula."

Nina miaka thelathini na mitatu.
Najua kupima kiuno kwa jicho tu,
najua kufufua kola iliyokufa,
lakini makala yalinikataa mara tatu,
nikapuliza mpaka machozi,
naye huko mlangoni:
"Unayaomba au unayaamuru?"

Siku ya kwanza bugali ulitoka na madonge.
Akatoa moja, akaliweka ukingoni mwa sahani
kama mfupa, bila neno.
Siku ya pili akatoa mawili.
Sikuuliza.

Siku ya tatu alitaka sombe.

Nikatwanga uani.
Mama Nsimire wa pembeni akaacha nguo zake kwenye kamba,
akaita watoto waje waone.
Kwetu, mwanaume na mwiko, ni mwiko:
neno lilijitosheleza, halikuhitaji maelezo.
Nikatwanga.
Majani yakaacha kuwa majani,
mikono ikawa ya kijani mpaka kwenye mishipa.

"Maji kwanza. Usifunike, acha sumu iende zake.
Sombe haina haraka.
Wenye haraka ndio huzikwa."
Saa moja. Saa mbili. Umeme ukaenda,
ukungu ukapanda kutoka ziwani ukaingia bila hodi,
ukaketi nasi.
Kitunguu. Bilinganya moja. Pilipili nzima, isipasuke.
Kisha chupa ya mawese,
nyekundu kama tofali, imeganda kwa baridi.

Hapo nikasimama.

Tangu utotoni siyapendi mawese.
Harufu yake hunikaa kooni kama neno nililokatazwa.
Nilikula kwa kuruka,
nikitafuta pembe ya sahani isiyong'aa,
na Baba akisema, "Kula, hiyo ndiyo damu,"
nami nikimeza damu, nikisema asante.
Hakuna aliyewahi kuniuliza. Haki yao:
chungu kilikuwa kimoja, tulikuwa saba.

Nikairudisha chupa rafuni.
Nikachukua unga wa karanga, vijiko viwili,
kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mama alikula kwa mkono wa kushoto,
akiuomba radhi ule wa kulia kwanza.
Tonge moja. Kimya.
Tonge la pili.
"Mawese yako wapi?"
"Yameganda, Mama."
"Yameganda," akasema, "na moto unao hapo."

Basi nikasema. Yote,
hata ile pembe ya sahani.

Akacheka mpaka plasta ikagonga meza.
"Hata mimi," akasema.
"Hata mimi, mwanangu.
Kwetu Walungu tulitia siagi ya ng'ombe, au karanga, au hakuna.
Baba yako ndiye aliyekuja na mawese yake toka Mwenga,
dumu begani, siku ya kunioa."

"Lakini amefariki miaka tisa sasa."
"Najua."
"Na kila Jumamosi unayamimina."
Akauangalia mkono ule mweupe, mzito,
uliolala mezani kama wa mtu mwingine.
"Ni mkono," akasema. "Mkono ndio uliozoea."

Tukala mpaka chungu kikalia.
Sikumbuki kama tuliongea tena,
nakumbuka alilamba kidole gumba
kama msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

Nilipoosha vyombo aliniita.
"Chupa usiitupe.
Mwezi wa nane, siku yake, utapika nyekundu kabisa,
nasi tutaila hivyo hivyo, tukikunja nyuso.
Alikuwa mtu mzuri."
Kisha, alipokwisha kugeukia ukutani alale:
"Lakini bugali, Lutala.
Bugali. Kesho uje na nguvu."